Kamchatka: Nchi ya Mbali kwa Nani? Jiografia na Historia ya Rasi ya Mashariki ya Urusi

0. Utangulizi

Katika shule za Urusi, safu ya nyuma kabisa ya madawati, ile ipendwayo na wanafunzi wavivu, huitwa "kamchatka". Jina hilo ni la rasi kubwa iliyoko kwenye ukingo wa mashariki wa nchi hiyo, na matumizi hayo yanaonyesha jinsi Warusi wenyewe walivyozoea kuiona rasi hiyo: mahali pa mbali kupita pote, ambapo jicho la mwalimu halifiki. Tofauti ya saa kati ya Moskva na Petropavlovsk, mji mkuu wa rasi, ni saa 9. Moskva inapoamka saa moja asubuhi, Petropavlovsk ni saa kumi alasiri. Hadi leo hakuna barabara wala reli inayoiunganisha rasi hiyo na sehemu nyingine za Urusi. Mgeni huingia kwa ndege au kwa meli.

Makala haya yana shabaha mbili. Kwanza, tunakusudia kueleza kwa ufupi umbo la nchi hiyo na mambo makuu yaliyowapata wakazi wake. Pili, tungependa kuuliza swali ambalo jiografia peke yake haiwezi kulijibu: je, umbali ni sifa ya nchi, au ni kipimo cha yule anayeitawala? Swali hilo linatuhusu sisi pia. Tuishio katikati ya Afrika tumesoma vitabu vingi vinavyoieleza nchi yetu kana kwamba iko mwisho wa dunia, ilhali kwa mababu zetu hapa ndipo dunia ilipoanzia.

1. Umbo la nchi

Kamchatka inaning'inia kutoka bara la Asia kuelekea kusini, urefu wake ukiwa kama kilomita 1,250, na eneo lake kama kilomita za mraba 270,000. Upande wa magharibi iko Bahari ya Okhotsk. Upande wa mashariki iko Bahari ya Bering na Bahari ya Pasifiki. Kaskazini, mahali inaposhikamana na bara, ardhi hupungua hata kuwa shingo nyembamba ya kilomita zipatazo 100 tu. Safu mbili za milima huifuata rasi kwa urefu: Safu ya Kati na Safu ya Mashariki. Baina yao hupita mto Kamchatka, wenye urefu wa kilomita zaidi ya 700, ambao bonde lake lina miti mirefu na ardhi ya kulimika. Bonde hilo ndilo kiini cha rasi, na ndiko yalikotokea mengi tutakayoyasimulia.

Petropavlovsk iko kwenye nyuzi 53 za kaskazini, karibu sawa na Dublin. Hata hivyo majira yake ya baridi ni marefu na theluji yake ni nyingi, kwa sababu pwani hiyo haioshwi na mkondo wa maji ya uvuguvugu kama Ulaya ya magharibi. Huoshwa na mkondo wa baridi utokao kaskazini, na upepo wa Siberia huifikia kila mwaka. Ndiyo maana wataalamu huihesabu miongoni mwa nchi za ukanda unaopakana na ncha ya kaskazini, ingawa kwenye ramani haiko kaskazini sana.

Jambo la pili linaloitambulisha Kamchatka ni moto. Rasi ina volkano hai zipatazo 30, na nyingine nyingi zilizokwisha kuzimika. Iliyo kubwa kuliko zote, Klyuchevskaya, ina kimo cha mita 4,750 hivi, kimo ambacho hubadilika kila inapolipuka. Ndiyo volkano hai iliyo ndefu kuliko zote za Ulaya na Asia. Msomaji wa Goma hahitaji kuelezwa maana ya kuishi chini ya mlima wa namna hiyo. Lakini asili ni tofauti. Nyiragongo na Nyamulagira zimezaliwa na ardhi inayopasuka na kuachana katika Bonde la Ufa. Volkano za Kamchatka zimezaliwa na ardhi zinazokutana, kwani bamba la Pasifiki huzama chini ya rasi na kuyeyusha miamba iliyoko juu yake. Kuzama huko ndiko kunakoleta pia matetemeko makubwa. Tetemeko la Novemba 1952, lenye ukubwa wa 9.0, lilisukuma mawimbi yaliyoufuta mji wa Severo-Kurilsk katika visiwa vya jirani na kuua watu zaidi ya 2,000. Magazeti ya Kisovyeti yalinyamaza kimya. Mwezi wa Julai 2025 ardhi ilitetemeka tena kwa ukubwa wa 8.8, na safari hii habari ilienea duniani pote kwa muda wa dakika chache.

Jambo la tatu ni samaki. Samoni huzaliwa mtoni, hushuka baharini kukua, kisha hurudi mtoni kutaga mayai na kufa. Aina sita za samoni wa Pasifiki hupanda mito ya Kamchatka kila mwaka, na maiti zao huwalisha dubu, tai, na hata miti ya kando ya maji. Bila kuwaelewa samaki hao hatuwezi kuielewa historia ya binadamu katika rasi hiyo.

2. Wakazi wa kale

Karibu na ziwa Ushki, katika bonde la mto Kamchatka, mwanaakiolojia Nikolai Dikov alianza katika miaka ya 1960 kuchimbua mabaki ya makao ya watu wa kale. Vipimo vilivyofanywa baadaye vimeonyesha kwamba tabaka la chini kabisa lina umri wa miaka ipatayo 13,000. Kwa hiyo nchi hii iitwayo ya mbali ilikuwa na wenyewe tangu zamani sana, kabla ya kuwako kwa mji wowote wa Ulaya.

Warusi walipofika mwishoni mwa karne ya 17, waliwakuta Waitelmeni katika sehemu kubwa ya rasi, Wakoryaki kaskazini, na Waainu kwenye ncha ya kusini. Waeveni, wafugaji wa kulungu wa nchi za baridi, waliingia baadaye, katika karne ya 19. Jina "Itelmeni" lenyewe lina maana ya "yule akaaye hapa". Tulizingatie jina hilo: Mrusi alisema "kule"; mwenyeji alisema "hapa".

Waitelmeni hawakuwa wakulima wala wafugaji, isipokuwa walifuga mbwa wa kuburuta sleji juu ya theluji. Riziki yao ilitoka mtoni. Wakati wa kiangazi walikaa katika vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo ndefu, ambamo chini yake walianika samaki wasifikiwe na mvua wala mbwa. Wakati wa baridi familia kadhaa ziliishi pamoja katika nyumba iliyochimbwa nusu ndani ya ardhi. Mlango wake ulikuwa tundu la moshi juu ya paa, nao waliingia kwa kushuka ngazi. Samaki wengine walifukiwa shimoni mpaka wachachuke. Wageni walilalamikia harufu. Wenyeji walikula, wakafika salama majira ya kuchipua majani.

Katika masimulizi yao, muumba wa nchi ni Kutkh, yaani Kunguru. Lakini Kunguru huyo si wa kuogopwa: ni mlafi, hudanganywa na panya, huaibishwa mbele ya mkewe. Mtaalamu Mjerumani Georg Wilhelm Steller aliandika kwamba Waitelmeni walimcheka muumba wao kwa sababu aliifanya milima iwe mikali mno na mito iende mbio mno. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atatambua hapa mhusika aliye ndugu yake Sungura wa ngano zetu, ila huyu wa Kamchatka amepewa pia kazi ya kuumba ulimwengu.

3. Manyoya, kodi na "amana"

Kilichowavuta Warusi kuvuka Siberia nzima ni mnyama mdogo wa ukoo wa kicheche, ambaye wao humwita sobol na ambaye manyoya yake yaliuzwa kwa bei kubwa sana. Mwaka 1697 Vladimir Atlasov aliondoka katika ngome ya Anadyrsk pamoja na Wakozaki na Wayukagiri wapatao 120, akaingia rasini, akasimamisha msalaba na kuitangaza nchi kuwa mali ya tsari. Huko alimkuta Mjapani mmoja, Denbei, ambaye meli yake ilikuwa imepotezwa na dhoruba. Denbei alipelekwa Moskva, akakutana na tsari Petro wa Kwanza mwaka 1702, na akaamriwa kuwafundisha Warusi Kijapani. Atlasov mwenyewe aliuawa mwaka 1711 na Wakozaki walioasi.

Kodi ya manyoya iliitwa yasak. Kila mwanamume mzima alipangiwa idadi ya ngozi za kutoa kila mwaka. Lakini Wakozaki wachache wangewezaje kuwatoza watu maelfu waliotawanyika misituni? Waliwachukua watoto au ndugu wa wakuu wa vijiji na kuwafungia ngomeni. Ngozi zikiletwa, mateka aliishi. Zisipoletwa, alipata taabu. Mateka wa namna hiyo waliitwa amanat.

Hapo msomaji wa Kiswahili hana budi kusimama. Neno hilo ni lile lile letu, amana. Asili yake ni Kiarabu, lenye maana ya uaminifu, na ya kitu kinachowekwa mikononi mwa mtu mwaminifu. Kutoka Uarabuni lilisafiri kwa njia mbili. Njia moja ilipita baharini hadi pwani ya Afrika ya Mashariki, na kutoka huko, pamoja na lugha yetu, ikafika Kasongo na Kisangani. Kwetu amana imebaki kuwa kitu kitakatifu ambacho mwenye kukipokea hukitunza mpaka mwenyewe arudi. Njia nyingine ilipita katika lugha za Kituruki hadi kwa Warusi, na huko neno likaja kumtaja mtoto aliyefungwa ili babake awinde. Tofauti hiyo haikuletwa na tabia ya lugha. Ililetwa na kazi ambayo neno lilitwikwa. Wala tusijione tuko mbali na jambo lenyewe. Katika Dola Huru ya Kongo chini ya Leopold wa Pili, wanawake walifungwa mpaka waume zao walete mpira wa kutosha. Jina la amanat halikutumika, ila mbinu ilikuwa ile ile: nchi ikiwa kubwa na askari wakiwa wachache, mapenzi ya mtu kwa jamaa zake hugeuzwa kuwa mnyororo.

Mzigo uliongezeka wakati wa safari ya kwanza ya Vitus Bering (1725–1730). Katika majira ya baridi ya 1727–1728, Waitelmeni na mbwa wao walilazimishwa kuvusha vyakula na vifaa vyake kutoka pwani ya magharibi hadi ya mashariki, wakati ule ule ambao wangepaswa kuwinda. Mwaka 1731 waliasi. Kiongozi wao, Fyodor Kharchin, aliungoja wakati ambapo askari wengi walikuwa wameondoka, akaiteka ngome ya Nizhnekamchatsk. Ilirudishwa kwa mizinga ya merikebu Mtakatifu Gabrieli, ile ile ambayo Bering alikuwa ameitumia mwaka 1728 kutafuta njia kati ya Asia na Amerika. Serikali ilifanya uchunguzi, na mwishowe waliuawa viongozi wa maasi pamoja na baadhi ya maofisa wa Kirusi waliothibitishwa kuwa wanyang'anyi. Hukumu hiyo ni ushahidi kwamba hata Petersburg ilijua chanzo cha maasi.

Silaha, njaa na magonjwa vilishirikiana. Ndui ya mwaka 1768 na 1769, iliyoletwa kwa merikebu, iliua watu maelfu na kuacha vijiji vitupu. Makadirio ya kawaida yanasema kwamba Waitelmeni walikuwa 12,000 hadi 13,000 Warusi walipofika. Baada ya karne moja walibaki maelfu machache tu.

4. Wataalamu na wasafiri

Mambo haya tunayajua hasa kwa sababu ya safari ya pili ya Bering (1733–1743). Mwanafunzi kijana, Stepan Krasheninnikov, alifika Kamchatka mwezi wa Oktoba 1737, akapokewa na tetemeko kubwa, akakaa hadi mwaka 1741 akiandika habari za mimea, wanyama, lugha na desturi. Kitabu chake, Maelezo ya Nchi ya Kamchatka, kilipigwa chapa mwaka 1755, mwaka wa kifo chake. Steller, aliyefika mwaka 1740, alikuwa mkali zaidi wa ulimi: aliwalaumu waziwazi maofisa kwa ukatili wao, na alipowafungua wafungwa fulani wenyeji alishtakiwa kuwa anachochea maasi. Alifariki mwaka 1746 akiwa njiani kurudi, na kitabu chake hakikutoka hadi mwaka 1774. Hapo tunaona hali ambayo wanahistoria wa Afrika wanaifahamu vizuri: sauti ya mwenyeji hutufikia ikiwa imepita katika kalamu ya mgeni aliyekuja na jeshi lililomwonea mwenyeji huyo.

Mji wa Petropavlovsk ulianzishwa mwaka 1740 na kuitwa kwa majina ya merikebu mbili za Bering, Mtakatifu Petro na Mtakatifu Paulo. Tangu hapo rasi ilitembelewa na wengi. Mwaka 1771 mfungwa Maurice Benyovszky aliteka merikebu huko Bolsheretsk pamoja na wenzake, akatoroka, na baada ya miaka mitatu akaanzisha koloni la Kifaransa katika Madagaska, ambako aliuawa mwaka 1786. Mwaka 1779 zilifika meli za James Cook bila yeye mwenyewe, kwani alikuwa amekwisha kuuawa Hawaii. Mwaka 1787 La Pérouse alimshusha huko Barthélemy de Lesseps ili apeleke hati zake Ufaransa kwa kuivuka Siberia. Lesseps alifika, La Pérouse na meli zake wakapotea baharini. Nchi iliyoitwa mwisho wa dunia ilikuwa, kwa hakika, njia panda ya bahari.

5. Kutoka ngome hadi nchi iliyofungwa

Wakati wa Vita vya Krimea, mnamo Agosti na Septemba 1854, meli za Uingereza na Ufaransa ziliishambulia Petropavlovsk. Amirali Mwingereza David Price alijipiga risasi kabla ya shambulio la kwanza, na askari walioteremshwa nchi kavu walirudishwa nyuma na watetezi wachache, miongoni mwao wawindaji wenyeji. Hata hivyo mwaka uliofuata Warusi wenyewe waliuhama mji, kwa kuwa hawakuweza kuulisha wala kuulinda. Ushindi uliletwa na watu wa rasi; uamuzi wa kuiacha ulitoka mbali.

Baada ya mapinduzi, utawala wa Kisovyeti ulileta shule, hospitali na viwanda vya samaki. Mwaka 1930 iliundwa wilaya ya kitaifa ya Wakoryaki. Lakini jambo moja lilikuwa na matokeo marefu: mnamo 1927 wenyeji waliozungumza Kirusi hawakuhesabiwa tena kuwa Waitelmeni, waliitwa Wakamchadali na kuandikwa kama Warusi. Kwa kalamu moja taifa lilikatwa sehemu mbili. Wakamchadali hawakutambuliwa rasmi kuwa wenyeji asilia mpaka mwaka 2000.

Baada ya vita vikuu vya pili, rasi iligeuzwa kuwa kambi ya nyambizi na shabaha ya majaribio ya makombora. Hata raia wa Kisovyeti hakuweza kuiingia bila kibali, hadi ilipofunguliwa mwaka 1990. Kisha msaada wa serikali ukapungua na watu wakaanza kuondoka: wakazi walikuwa wapatao 470,000 mwaka 1989, nao hawakufika 300,000 katika hesabu ya mwaka 2021. Mwaka 2007 wilaya ya Wakoryaki iliunganishwa na mkoa wa Kamchatka. Volkano, kwa upande wao, zimeingizwa tangu 1996 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

6. Lugha ya Waitelmeni

Kwa jarida kama hili, sura ya lugha haiwezi kurukwa. Kiitelmeni kilikuwa na matawi matatu, la mashariki, la kusini na la magharibi, ambayo huenda yalikuwa lugha tatu. Mawili ya kwanza yamekufa. Wanaisimu wanabishana kama ni ndugu wa kuzaliwa wa Kikoryaki na Kichukchi au kama kimefanana nazo kwa ujirani tu. Kwa sauti, ni kinyume cha Kiswahili: silabi zetu huishia kwa irabu, ilhali Kiitelmeni hurundika konsonanti nyingi pamoja bila wasiwasi wowote.

Mwaka 1910 na 1911 Waldemar Jochelson alikusanya masimulizi ya Kiitelmeni. Yalichapishwa na Dean Worth mwaka 1961, nusu karne baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 lugha ilipewa alfabeti ya Kilatini, ikaachwa baada ya muda mfupi. Vijiji vidogo vilifungwa, watoto walipelekwa katika shule za bweni, na wazee wengi wamesimulia walivyoadhibiwa kwa kusema lugha ya mama. Alexander Volodin alipotoa sarufi yake mwaka 1976, aliwaandikia wataalamu lugha ambayo watoto hawakuijua tena. Alfabeti mpya, ya Kirusi, ilitungwa katika miaka ya 1980. Katika hesabu ya mwaka 2010 Waitelmeni walikuwa kama 3,200, na waliosema lugha yao hawakufika 100.

Hata hivyo taifa halikufa pamoja na lugha. Katika kijiji cha Kovran, pwani ya magharibi, sikukuu ya mavuno iitwayo Alkhalalalai imefufuliwa, na kila Septemba watu hucheza na kuimba kwa siku kadhaa. Lakini wimbo unaoimbwa na mtu asiyeelewa kila neno lake si sawa na wimbo wa nyanya yake.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba Kamchatka haikuwa mbali mpaka pale ilipopimwa kutoka mahali pengine. Kwa Mwitelmeni ilikuwa "hapa". Kwa mabaharia wa Pasifiki ilikuwa njia panda. Ilifanywa kuwa ya mbali na utawala uliotaka kwanza manyoya yake, kisha bandari yake, kisha ukimya wake. Umbali huo uliruhusu pia mambo ambayo yasingeruhusiwa karibu na macho ya wakubwa.

Lipo fundisho moja ambalo si la kutupendeza. Tunapolia na Waitelmeni, ni rahisi kujiweka upande wao na kuilaumu lugha kubwa iliyowameza. Lakini katika mashariki ya nchi yetu, yenye lugha zaidi ya 200, lugha kubwa ni Kiswahili. Katika miji yetu watoto wengi hukisema vizuri na hawawezi kuzungumza na nyanya yao wa kijijini. Hatuwaadhibu kwa kusema lugha nyingine, hilo ni kweli. Hata hivyo lugha inaweza kufa bila fimbo. Sisi tunaokitukuza Kiswahili katika vyuo tunayo amana, kwa maana yetu ya neno hilo na si kwa ile ya Wakozaki: lugha ndogo zilizo jirani nacho. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti asingoje mgeni aje kuyaandika masimulizi ya kijiji chake. Waitelmeni walimngoja Jochelson kwa miaka zaidi ya 200, na alipofika matawi mawili ya lugha yao yalikuwa yamekauka au yanakauka.